Studio mbili, mnara mmoja: uchambuzi wa jaribio la televisheni Alexandra Palace, 1936–1937

Kuhusu kisa hiki

Mitambo miwili ya televisheni iliwekwa chini ya paa moja kaskazini mwa London na kupewa zamu ya wiki kwa wiki. Baada ya miezi mitatu mmoja ulichaguliwa, mwingine ukazimwa. Hilo ndilo jaribio la Alexandra Palace, kuanzia Novemba 1936 hadi mwisho wa Januari 1937. Katika historia ya utangazaji sijui funzo zuri zaidi kwa mtu anayekaa kwenye kamati ya zabuni, au anayelazimika kuchagua kati ya teknolojia iliyozoeleka na ile ambayo bado ina mapengo.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya fundi maskini, John Logie Baird, aliyeonewa na kampuni kubwa, Marconi-EMI. Sikubaliani nayo. Ukifuata maamuzi moja baada ya jingine, unaona kwamba matokeo yalitokana kwa kiasi kikubwa na sentensi moja ya ripoti ya kamati, na namna pande mbili zilivyoisoma. Waliokuwa na nyadhifa za umma, na wahandisi walioingia kwenye kumbukumbu za historia, nimewataja kwa majina. Mafundi na wafanyakazi wa kawaida nimewataja kwa kazi zao tu.

Hali ilivyokuwa kabla

Tarehe 26 Januari 1926, katika chumba cha ghorofani Frith Street, mtaani Soho, John Logie Baird aliwaonyesha wanachama wa Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, picha hai ya uso wa binadamu iliyosafirishwa kwa umeme kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Baird alikuwa Mskoti mwenye afya dhaifu, bila mtaji wa kutosha. Alifanya kazi kwa vifaa vya kuungaunga, na kwa muda mrefu alichokuwa akipiga picha ni kichwa cha mwanasesere, kwa sababu taa zake zilikuwa kali mno kwa mtu aliye hai.

Msingi wa mtambo wake ulikuwa sahani ya Nipkow, iliyosajiliwa na Mjerumani Paul Nipkow mwaka 1884. Ni sahani bapa yenye matundu yaliyopangwa kwa mviringo unaoingia ndani kidogo kidogo. Inapozunguka, kila tundu linapita mbele ya picha na kukata mstari mmoja wa mwanga. Tundu linalofuata linakata mstari wa chini yake. Baird alitumia mistari 30 na picha 12.5 kwa sekunde. Hiyo ni mistari 375 tu kwa sekunde, na kwa sababu taarifa ilikuwa ndogo kiasi hicho, iliweza kupita katika mawimbi ya kati ya redio ya kawaida.

BBC ilikubali kwa shingo upande. Matangazo ya majaribio yalianza tarehe 30 Septemba 1929 kwa mtambo mmoja wa kurushia, kwa hiyo picha na sauti havikuweza kwenda pamoja. Mtu alionekana akizungumza kimya kimya, kisha alisikika bila kuonekana. Machi 1930 kituo cha Brookmans Park kilipata mitambo miwili, na vitu hivyo viwili vikaunganishwa. Agosti 1932 BBC ilichukua jukumu la kutengeneza vipindi hivyo vya mistari 30 katika jengo lake jipya la Broadcasting House, ikaajiri hata wahandisi waliokuwa wakimfanyia kazi Baird. Vipindi viliendelea hadi Septemba 1935.

Picha ilikuwa ndogo, nyembamba, yenye kumemeta. Uso mmoja ulitambulika. Watu wawili kwa shida. Hata hivyo, usidharau kazi aliyoifanya Baird katika miaka hiyo. Aliwafanya wabunge, magazeti na wananchi waamini kwamba televisheni inawezekana, na bila shinikizo hilo Serikali isingeunda kamati yoyote.

Tatizo lilikuwa ndani ya sahani yenyewe. Ukitaka mistari mingi zaidi, unahitaji matundu mengi na madogo zaidi, na tundu dogo linapitisha mwanga kidogo. Ukitaka kuokoa mwanga, unaikuza sahani. Ukiikuza, inakuwa vigumu kuizungusha kwa kasi iliyo sawa. Njia ya kukwepa mtego huo ilikwisha kuandikwa zamani. Mwaka 1908 mhandisi A. A. Campbell Swinton alieleza katika jarida la *Nature* kwamba televisheni inaweza kufanywa bila kitu chochote kinachozunguka, kwa kutumia tyubu za miale ya kathodi, yaani tyubu za kioo ambamo mwale wa elektroni hufanya kazi ya sahani, upande wa kamera na upande wa mtazamaji. Wakati huo hakuna aliyejua namna ya kuitengeneza kamera ya aina hiyo.

Walioitengeneza Uingereza walikuwa watafiti wa EMI, kampuni iliyozaliwa mwaka 1931 kwa kuunganishwa kwa kampuni mbili za santuri. Maabara yao yalikuwa Hayes, magharibi ya London, chini ya Isaac Shoenberg, mzaliwa wa Pinsk katika Dola ya Urusi. Alikuwa na Alan Blumlein, mmoja wa wabunifu wakubwa wa saketi wa karne ile, na J. D. McGee upande wa tyubu za kamera. Mwaka 1934 EMI iliungana na kampuni ya Marconi, iliyokuwa na ujuzi wa mitambo ya kurushia na antena, wakaunda Marconi-EMI. Kamera yao waliiita Emitron.

Kamati na sentensi yake

Mei 1934 Serikali iliteua kamati chini ya Lord Selsdon, aliyewahi kuwa Waziri wa Posta. Ilihoji mashahidi, ikatazama maonyesho ya kampuni mbalimbali, na ripoti yake ikatolewa Januari 1935. Mapendekezo makubwa yalikuwa haya: BBC ndiyo iendeshe televisheni, gharama zitokane na leseni ya redio ya shilingi 10 bila kuongeza leseni mpya, kituo cha kwanza kiwe London, na mifumo ya Baird na Marconi-EMI ipewe nafasi ya kujaribiwa kwa zamu kutoka kituo kimoja.

Kisha kuna kiwango. Kamati ilitaka picha yenye mistari isiyopungua 240, na picha 25 kwa sekunde.

Kiini cha kisa kiko kwenye neno "isiyopungua". Kamati haikusema mistari 240. Iliweka sakafu, ikaacha dari wazi. Nadhani wajumbe walifahamu walichokuwa wakikifanya, kwa kuwa miongoni mwao alikuwamo Noel Ashbridge, mhandisi mkuu wa BBC, aliyekwisha kuiona picha ya EMI na kujua kazi bado inasonga mbele. Wangetaja idadi moja kamili, wangezifunga kampuni zote mbili mahali pamoja. Wangeacha kutaja kiwango, Baird angeweza kuendelea kudai nafasi kwa picha hafifu.

Uamuzi wa Hayes

Kampuni ya Baird iliichukua sakafu ikajenga juu yake: mistari 240, picha 25 kwa sekunde, mistari 6,000 kwa sekunde. Kwao huo ulikuwa mruko mkubwa kutoka mistari 375, na mitambo ya kuzunguka iliweza kuufikia, ingawa kwa jasho. Kufikia wakati huo Baird mwenyewe hakuwa na sauti kubwa ndani ya kampuni yenye jina lake. Umiliki ulikuwa mikononi mwa watu wa sinema wa Gaumont-British, na kazi za ufundi ziliongozwa na mhandisi aliyetoka BBC.

EMI nao walikuwa na picha ya mistari 243 inayofanya kazi. Wangeweza kuileta jinsi ilivyo na kusema wametimiza sharti. Shoenberg alikataa. Alitangaza kwamba wataleta mistari 405.

Fikiria uzito wa uamuzi huo. Mistari zaidi inahitaji upana mkubwa zaidi wa masafa, na vali za siku hizo, yaani tyubu za kioo za kukuza mawimbi ya umeme, zilikuwa zikigombana na masafa hata kwa mistari 243. Sehemu kubwa ya saketi ilibidi ibuniwe upya. Kituo kilitarajiwa kufunguliwa mwaka uliofuata. Kama wangechelewa, mshindani angebaki peke yake uwanjani akiwa na mtambo uliotimiza sharti la Serikali. Shoenberg aliihatarisha kampuni nzima kwa kuwa aliamini kwamba kiwango kitakachochaguliwa kitaishi miaka mingi, na picha inayotosha leo haitatosha kesho.

Idadi ya 405 haikuokotwa. Walitaka mistari ipishane. Badala ya kuichora picha nzima kutoka juu hadi chini, tyubu ilichora kwanza mistari ya witiri, ikarudi kujaza ya shufwa katikati yake. Kwa hiyo skrini iliangazwa mara 50 kwa sekunde ingawa picha kamili zilikuwa 25, na kumemeta kukapungua sana. Mpangilio huo unahitaji jumla ya mistari iwe witiri. Vilevile 405 ni 3×3×3×3×5, na saketi za wakati huo ziliweza kugawanya masafa kwa uhakika kwa namba ndogo kama 3 na 5. Kwa hatua chache za kugawanya, mapigo ya mistari na mapigo ya picha yalitoka kwenye chanzo kimoja, yakaenda sambamba.

Mfumo wa Baird wa picha 25 zisizopishana ulimemeta, na mtazamaji aliweza kuona tofauti hiyo bila kuelezwa.

Ndani ya jengo

Alexandra Palace ni jumba la starehe la karne ya 19 lililo juu ya kilima cha Muswell Hill. BBC ilikodi sehemu ya mashariki, ikasimamisha mlingoti wa antena juu ya mnara wa kona. Urefu ulikuwa na maana, kwa sababu picha zenye mistari mingi zilihitaji mawimbi mafupi sana, na mawimbi hayo husafiri karibu kama mwanga, hayazunguki milima. Picha ilirushwa kwa megahezi 45, sauti kwa 41.5. Gerald Cock aliteuliwa mkurugenzi wa televisheni, na Cecil Madden akawa mpangaji wa vipindi.

Studio A walipewa Marconi-EMI, Studio B kampuni ya Baird. Hapa ndipo tofauti iliyokuwa kwenye karatasi ilipogeuka kuwa maisha ya kila siku ya wafanyakazi.

Upande wa Baird hapakuwa na kamera moja ya kufanya kila kitu. Mtangazaji aliketi katika chumba chenye giza nusu, mwale wa mwanga ukipita usoni mwake mistari kwa mistari, na seli za kugeuza mwanga kuwa umeme zikipokea mwanga uliorudi. Hakuweza kusoma karatasi wala kusogea. Kwa vipindi vya wasanii wengi walitumia filamu ya kati, mbinu iliyotumiwa na Wajerumani pia. Kamera ya sinema iliyofungwa sakafuni, nyuma ya kioo, ilipiga filamu. Filamu ikashuka moja kwa moja kwenye matangi ya dawa, ikasafishwa, ikaoshwa, na ikasomwa na mtambo ingali mbichi. Kutoka tukio hadi matangazo ilipita karibu dakika moja. Katika dawa hizo ilikuwamo sainidi, ambayo ni sumu kali. Mabomba yalivuja. Filamu ikikatika, hakukuwa na kipindi. Na kwa kuwa kamera haikusogea, msanii ndiye aliyeifuata. Hakuna kumkaribia, hakuna kugeuka, na mkurugenzi alipoona kosa lilikuwa limekwisha kutendeka dakika nzima nyuma.

Walikuwa pia na kamera ya elektroni ya Philo Farnsworth wa Marekani, kwa leseni, lakini ilihitaji mwanga mwingi mno na haikuwa imekomaa. Kuonyesha filamu zilizokwisha kutengenezwa walikuwa wazuri kabisa. Hilo lisemwe kwa haki.

Upande wa Marconi-EMI, Emitron ilisukumwa kwa magurudumu. Mtayarishaji aliweza kuwa na kamera kadhaa, akahama kutoka moja kwenda nyingine wakati kipindi kikiendelea. Waliivuta kwa kebo hadi nje, kwenye uwanja wa jumba, wakaonyesha bustani, wanyama na magari. Haikuwa kamilifu. Picha ilikuwa na tabia ya kutanda vivuli vya uongo pembeni, na fundi alilazimika kukaa mbele ya vishikio akirekebisha vivuli hivyo wakati wote wa matangazo. Lakini alichokiona mtayarishaji ndicho kilichokuwa hewani, sekunde ile ile.

Miezi mitatu ya zamu

Kabla ya ufunguzi rasmi kulikuwa na jaribio la haraka. Wauza redio waliomba picha kwa ajili ya maonyesho ya Radiolympia ya Agosti 1936, na Madden alikusanya kipindi cha burudani katika siku chache. Mifumo yote miwili ilitumika, ikipokezana. Kwa wengi waliopanga foleni ukumbini, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona televisheni.

Ufunguzi rasmi ulikuwa Jumatatu tarehe 2 Novemba 1936, saa tisa alasiri. Nani atangulie? Walirusha sarafu, Baird akashinda. Mwenyekiti wa BBC, Waziri wa Posta na Lord Selsdon walitoa hotuba zao kwa mfumo wa Baird. Kisha wakatoka, wakaingia studio ya pili, wakazitoa tena hotuba zilezile kwa mfumo wa Marconi-EMI. Adele Dixon aliimba, na wachekeshaji na wacheza dansi Weusi kutoka Marekani, Buck na Bubbles, walikuwa miongoni mwa wasanii wa mwanzo kabisa kuonekana kwenye huduma hiyo.

Baada ya hapo yakawa matangazo ya muda wa saa moja alasiri na muda wa saa moja usiku, kila siku isipokuwa Jumapili, wiki hii Baird, wiki ijayo Marconi-EMI. Watayarishaji walikuwa walewale. Watangazaji walikuwa walewale: Leslie Mitchell, Jasmine Bligh na Elizabeth Cowell. Mtayarishaji aliyezoea kusogeza kamera wiki moja, wiki iliyofuata alirudi kwenye kamera iliyokaza sakafuni. Wasanii walibadilishiwa vipodozi, maana kila mfumo uliona rangi kwa namna yake.

Tarehe 30 Novemba 1936 moto uliteketeza Crystal Palace, kusini ya London, mahali ambapo kampuni ya Baird ilikuwa na maabara, studio na vipuri vyake vingi. Wapo wanaosema moto huo ndio uliomshinda Baird. Ulimuumiza, hilo ni kweli. Lakini matatizo ya filamu ya kati yalionekana tangu wiki za kwanza, na yalikuwa Alexandra Palace, mahali ambapo moto haukufika.

Uamuzi na sababu zake

Kamati ya ushauri, iliyorithi kazi ya kamati ya Selsdon, ilikuwa na mambo manne mbele yake: ubora wa picha, uthabiti wa mitambo, uhuru wa kutengeneza vipindi, na ukakasi wa wenye viwanda vya vipokezi. Jambo la nne halizungumzwi vya kutosha. Kila kipokezi kilichouzwa London kilibidi kiweze kupokea mifumo miwili tofauti, na bei yake ilikuwa karibu pauni 100, fedha ambayo wakati ule ilimpatia mtu gari dogo jipya. Nani atatoa kiasi hicho wakati nusu ya mashine anayoinunua itakuwa haina kazi baada ya miezi michache?

Matangazo ya mwisho kwa mfumo wa Baird yalikwenda hewani tarehe 30 Januari 1937. Mwanzoni mwa Februari ilitangazwa kwamba London itatumia kiwango cha Marconi-EMI pekee. Serikali iliongeza ahadi moja: kiwango hicho hakitabadilishwa kimsingi kabla ya mwisho wa mwaka 1938.

Matokeo

Mei 12 mwaka huohuo, gari la matangazo ya nje lilisimamishwa karibu na Hyde Park Corner, kamera za Emitron zikaonyesha msafara wa kutawazwa kwa Mfalme George VI chini ya mvua. Picha zilipita kwenye kebo maalumu hadi Alexandra Palace. Wiki chache baadaye ikawa tenisi ya Wimbledon, na mwaka 1938 fainali ya Kombe la FA na Waziri Mkuu Chamberlain akishuka kwenye ndege Heston akitokea Munich. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingewezekana kwa kamera iliyofungwa sakafuni na matangi ya dawa chini yake.

Bei za vipokezi zilishuka, na kufikia Septemba 1939 vilikuwapo takriban 20,000. Siyo vingi kwa jiji lenye mamilioni ya watu. Tarehe 1 Septemba 1939 huduma ilizimwa kwa ajili ya vita, ikarudi tarehe 7 Juni 1946 kwa mistari ileile 405. Kampuni ya Baird iliendelea kuuza vipokezi na skrini kubwa za sinema, kisha vita vilipoanza ikafilisika. Baird mwenyewe aliendelea na utafiti wa televisheni ya rangi kwa fedha zake, akafariki Bexhill tarehe 14 Juni 1946, wiki moja baada ya matangazo kurejea.

Uchambuzi

Jambo lililofaulu kuliko yote ni ile sakafu. Kiwango cha chini kilichoandikwa vizuri kilitenganisha pande mbili kabla hata mitambo haijawashwa. Upande mmoja ulikisoma kama lengo, mwingine kama kizingiti cha kuvukwa. Ninaamini kwamba mwaka 1935, siku Shoenberg alipotaja 405, ushindani kwa sehemu kubwa ulikuwa umeamuliwa, na miezi mitatu ya Alexandra Palace ilithibitisha tu kilichokwisha kutokea Hayes. Hii haina maana kwamba jaribio lilikuwa la kupoteza muda. Mfumo wa mistari 405 ungeweza kushindwa. Vali zingeweza kukataa. Mtu aliyeona saketi zile kwenye karatasi hakuwa na haki ya kuahidi kwamba zitafanya kazi kila siku saa tisa kamili.

La pili ni kuwapa watu walewale mifumo yote miwili. Kamati ingeweza kufanya jaribio la maabara: picha mbili ubavuni kwa ubavu, wataalamu wakitoa alama. Kwenye jaribio la namna hiyo mfumo wa Baird ungeonekana si mbaya sana, hasa kwa filamu zilizokwisha kupigwa. Kilichoufichua ni kazi. Mtayarishaji asiyeweza kusogeza kamera hutengeneza kipindi kibovu, na kipindi kibovu kinaonekana na kila mtu, mwenye ujuzi wa mistari na asiye nao. Wenye kupanga majaribio ya vifaa, iwe vya hospitali, vya shule au vya ofisi, wangefanya vyema kuiga hapa: mpe anayekitumia kifaa, kwa wiki nzima, katika kazi yake halisi, na umsikilize.

Zamu za wiki kwa wiki, hata hivyo, zilikuwa na gharama ambayo kamati iliipima kidogo mno. Wafanyakazi walilipa kwa uchovu. Walipaji wengine walikuwa wanunuzi wa mwanzo, ambao hawakuulizwa. Kwa muda wote ambao matokeo yalikuwa hayajulikani, mtu mwenye busara alikaa na fedha zake mfukoni, na viwanda havikuthubutu kutengeneza vipokezi vingi ili kushusha bei. Jaribio lililokusudiwa kuizindua televisheni liliibana miezi yake ya kwanza. Ahadi ya kutobadilisha kiwango hadi mwisho wa 1938 ilikuwa dawa sahihi, ila ilikuja baada ya ugonjwa. Ingewezekana kuahidi tangu siku ya kwanza kwamba atakayenunua sasa atafidiwa au atabadilishiwa saketi bila malipo. Sioni dalili kwamba jambo hilo lilipewa uzito.

Kuhusu kampuni ya Baird, kosa lao halikuwa ukosefu wa akili wala wa bidii. Walikuwa na njia nne za kupata picha, kila moja ikiziba udhaifu wa nyingine: mwale kwa mtangazaji, filamu ya kati kwa wasanii, Farnsworth kwa majaribio, na mtambo wa kuonyesha filamu. Kila njia ilihitaji mafundi wake, vipuri vyake na dharura zake. Unapoona mtoa huduma analeta suluhisho nne kwa tatizo moja, uliza ni lipi kati yao linaloweza kusimama peke yake. Katika Studio B hakuna lililoweza.

Na kamati yenyewe, je, ilikuwa ya haki kwa Baird? Nadhani ndiyo, na zaidi ya ndiyo. Ashbridge na wenzake walijua tangu 1934 kwamba kamera ya elektroni ndiyo njia. Wangeweza kumchagua mshindi siku ileile. Lakini Baird alikuwa amejijengea imani kubwa kwa umma kwa miaka kumi, na kumfungia mlango bila kumjaribu kungeacha malalamiko yasiyoisha, pamoja na shaka kwamba kampuni kubwa imependelewa. Nafasi aliyopewa hadharani iliifanya hukumu ikubalike. Kuna watu wanaoona jambo hilo kuwa siasa tupu. Mimi naliona kuwa sehemu halali ya kazi ya kamati ya umma, kwa sababu uamuzi ambao watu hawauamini hauishi muda mrefu.

Jambo la mwisho linahusu dari iliyoachwa wazi, na hapa hesabu haijanyooka upande mmoja. Shoenberg alitazama mbali, na mistari 405 ilidumu kuliko alivyoweza kutarajia. Baada ya vita Uingereza ilikuwa tayari na vipokezi majumbani na mitambo Alexandra Palace, kwa hiyo ikarudi kwenye kiwango cha 1936. Nchi nyingi za Ulaya zilizochelewa zilianza moja kwa moja na mistari 625. Kufikia Aprili 1964, BBC2 ilipofunguliwa kwa mistari 625, Uingereza ilikuwa na mamilioni ya vipokezi vya 405 visivyoweza kuipokea, na ikalazimika kurusha kwa viwango viwili sambamba, vipokezi vya mifumo miwili vikirudi tena madukani. Mitambo ya mwisho ya mistari 405 ilizimwa mapema mwaka 1985. Kamati ya Selsdon iliandika kwa makini namna ya kukichagua kiwango. Namna ya kukiacha haikuiandika, na ahadi ya miaka miwili haikufuatwa na mpango wowote wa kuhama.